Sura ya Nane: Silinda Hedi na Wasaa Wake

Swali la kwanza ambalo mwenye gari humwuliza fundi, akiisha kuambiwa kwamba silinda hedi imepasuka na haina budi kubadilishwa, ni hili: gari litatoka lini? Ni swali la haki, kwa kuwa gari kwa watu wengi wa nchi zetu ni chombo cha riziki, na kila siku ambayo limeinuliwa juu ya mawe ni siku ambayo mizigo haikufika sokoni na abiria wamepanda chombo cha mtu mwingine. Walakini ni swali linalojibiwa aghalabu kwa haraka kupita kiasi, ama na fundi anayechelea kumpoteza mteja, ama na mwenye gari mwenyewe, aliyepiga hisabu kwamba akiifanya kazi hiyo uani kwake ataimaliza Jumapili jioni na Jumatatu alfajiri atakuwa njiani. Katika sura hii nimekusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya wasaa wa kazi hii hutumika katika kusafisha, kupima na kungoja, ilhali kufungua na kufunga huchukua sehemu ndogo tu. Na kwamba mambo hayo matatu, ambayo ndiyo ya kwanza kukatwa watu wanapofanya pupa, ndiyo yanayoamua kama hedi mpya itadumu miaka au itadumu miezi.

Silinda hedi ni kipande kile kinachokaa juu ya bloku na kuzifunika silinda zote, ndani yake mkiwa na valvu za kuingizia hewa na za kutolea moshi, njia za maji, njia za oili, na katika injini za dizeli, mahali pa kukaa nozeli. Baina yake na bloku hulazwa gasketi, nayo ina kazi tatu kwa wakati mmoja: kuuzuia moto wa silinda usipenye nje, kuyazuia maji yasiingie katika oili, na kuizuia oili isiingie katika maji. Zamani hedi na bloku zote mbili zilikuwa za chuma kigumu cha kusubu, zikivimba kwa joto pamoja na kunywea pamoja. Hedi nyingi za siku hizi ni za alumini, kwa sababu alumini ni nyepesi na hupitisha joto upesi, lakini hukaa juu ya bloku ya chuma kilekile cha zamani, na hapo ndipo palipo na shina la taabu. Hedi ya alumini yenye urefu wa sentimita 50, ikipanda kutoka joto la asubuhi la digrii 20 hadi digrii 100, hurefuka kwa karibu milimita 0.9, na bloku iliyo chini yake hurefuka kwa karibu nusu tu ya kiasi hicho. Tofauti ile sharti ichukuliwe na gasketi na boliti, kila siku, kila injini inapowashwa na kuzimwa. Maji yakipungua katika rejeta, joto likazidi mpaka wake, hedi hujipinda kama ubao mbichi ulioachwa juani, au hupasuka pale ilipo nyembamba, yaani baina ya valvu mbili za silinda moja.

Watu wetu wana kadirio moja la muda ambalo hulitumia kwa hedi zote, nalo ni siku moja. Kadirio hilo halikuzuka bure. Naona limerithiwa kutoka enzi ya Land Rover, na hasa ile iliyotolewa mwaka 1958 kwa jina la Series II, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Hedi yake ilikuwa ya chuma juu ya bloku ya chuma. Kemshafti yake ilikaa ndani ya bloku na kuzisukuma valvu kwa fito ndefu, kwa hiyo aliyetaka kuivua hedi hakuwa na haja ya kuigusa taimingi hata kidogo. Alimwaga maji, akafungua kabureta na manifoldi, akalitoa lile fimbo la roka na kuzichomoa fito akizipanga kwa utaratibu wake, akafungua boliti, akanyanyua. Fundi aliyeanza baada ya chai ya asubuhi aliweza kuwa na hedi mezani kabla ya adhuhuri, na kama kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha gasketi na kusaga valvu kwa mkono, injini iliwaka kabla ya magharibi, tapeti zikiwa zimesetiwa kwa nafasi ya inchi 0.010. Masanduku mawili ya spana na mti wenye kivuli vilitosha. Hedi nzito ile ya chuma ilistahimili hata makosa. Ilisamehe kukazwa kwa kukisia, ikasamehe maji ya mtoni, na kumbukumbu ya msamaha huo ndiyo inayowafanya watu hata leo wasimame mbele ya injini ya namna nyingine kabisa wakiwa na matumaini ya zamani.

Basi na tuitazame hiyo ya namna nyingine. Nimechagua injini ya Toyota iitwayo 1KZ-TE, kwa sababu imeenea mno kutoka Mombasa hadi Kampala na kutoka Tanga hadi Mbeya, ndani ya Prado za awali na Hilux Surf zilizoletwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na kwa sababu hedi yake ina sifa isiyopendeza ya kupasuka ikishapata joto la kupita kiasi. Ni injini ya dizeli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,982, yenye tabo, iliyoanza kutiwa katika magari mwaka 1993. Hedi ni ya alumini, bloku ni ya chuma, na kemshafti imekaa juu ya hedi ikizungushwa na mkanda wa taimingi. Kwa hiyo kabla hujaigusa boliti moja ya hedi, unapaswa kumwaga maji yote, kuondoa mabomba ya hewa yaendayo kwenye tabo, kuitenga tabo na ekzosi, kufungua mabomba madogo ya chuma yapelekayo dizeli kwenye nozeli, kuchomoa nyaya za hita plagi, kuuondoa mkanda wa taimingi baada ya kuzilinganisha alama zake, na kuitoa kemshafti yenyewe. Na stadi za ekzosi, ambazo zimepikwa kwa moto miaka mingi, moja yao ikikatika ndani ya tundu lake yaweza kula nusu ya siku peke yake, bila ya kazi nyingine yoyote kusogea.

Nchini Marekani na katika nchi nyingine ambako gereji hulipwa kwa saa, viko vitabu vya muda wa kazi, vinavyotaja kwa kila gari na kila kazi ni saa ngapi zinazohesabika. Na mteja hutozwa saa zilizoandikwa, fundi akimaliza mapema au akichelewa. Kwa kubadilisha hedi au gasketi yake katika injini ya silinda nne vitabu hivyo aghalabu hutaja muda wa saa 8 hadi 15, na kwa injini yenye silinda zilizopangwa pande mbili, ambayo ina hedi mbili, muda huo huweza kupita saa 20. Msomaji akiziona hesabu hizo hudhani kwamba amepata jibu: siku mbili za kazi, basi. Lakini kitabu kile hakihesabu yote. Hakihesabu muda wa hedi kukaa kwenye karakana ya mashine. Hakihesabu boliti iliyoshikwa na kutu, wala spea iliyokosekana dukani. Nacho kimeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuifanya kazi hiyo, mwenye kila chombo mkononi pake, katika gari lisilofikwa na taksiri ya fundi aliyetangulia. Saa za kitabu ni bei ya ujira. Anayezisoma kuwa ni ahadi ya siku atakuwa amejidhulumu mwenyewe.

Kwa kadirio langu, gereji iliyo kamili, yenye mafundi wawili waliozoea 1KZ-TE na hedi mpya iliyokwisha kununuliwa na kuwekwa mezani, yaweza kuifanya kazi yote kwa siku mbili hadi tatu, tangu gari kuingia hadi kujaribiwa njiani. Hedi ya zamani ikitakiwa kutengenezwa badala ya kubadilishwa, ongeza siku mbili, au tatu, au juma zima, kwa kadiri ya foleni iliyopo kwenye mashine. Nyumbani, mtu mwenye akili ya mambo ya mitambo lakini anayeifanya kazi hii kwa mara ya kwanza, tena anayeifanya baada ya kazi zake na mwisho wa juma, asijiahidi chini ya majuma mawili, na mwezi mzima si jambo la kumtia haya. Tofauti hiyo watu huitia katika wepesi wa mikono, nami naona mikono ina sehemu ndogo. Gereji ikingoja mashine, fundi hugeukia gari la pili, na la tatu, hata kungoja kwenyewe hakuonekani; mtu wa nyumbani akingoja, anangoja. Gereji boliti ikikatika, mna mashine ya kulehemu na sanduku la boliti za akiba. Nyumbani boliti ikikatika, ni safari ya mjini, na duka hufungwa saa kumi na moja. Tena fundi wa kila siku anajua mahali pa kila boliti iliyojificha nyuma ya injini, ilhali mgeni huitafuta kwa tochi na kwa ncha za vidole.

Hata hivyo kwetu Afrika Mashariki neno nyumbani lina maana ambayo vitabu vya Marekani havikuifikiria. Wenye gari wengi hawashiki spana wala hawaendi gereji. Humleta fundi uani. Fundi huja na sanduku lake na kijana wake wa kumsaidia, mwenye gari hununua spea kwa fedha yake mwenyewe, na hedi iliyovuliwa hufungwa kwa kamba nyuma ya bodaboda kupelekwa kwenye mashine, Gerezani kwa mtu wa Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga kwa mtu wa Nairobi, ambayo wazee wa huko wangali wakiiita Grogan. Ni mtindo wenye heri nyingi: mwenye gari huona kwa macho yake kinachofanywa, spea hazibadilishwi kisirisiri, na gharama hupungua. Lakini katika habari ya muda una ila yake, kwa kuwa fundi huyo hulipwa kwa mapatano ya kazi nzima, hapimiwi saa, na kila siku inayoongezeka yatoka mfukoni mwake. Mwenye gari amekaa kibarazani akitazama, chai inapoa, na anauliza kila baada ya muda, "Fundi, tumefika wapi?" Naye fundi, kwa heshima na kwa haja ya riziki, hujibu, "Karibu, mzee, jioni tunawasha." Basi jioni ile sharti ipatikane, na njia ya kuipata ni kuruka mambo yasiyoonekana.

Nitayataja mambo hayo kwa urefu, maana ndiyo moyo wa sura hii.

La kwanza ni kungoja injini ipoe. Hedi ya alumini isifunguliwe ikiwa ya moto, kwa sababu boliti zake zinaizuia isijipinde, nazo zikilegezwa ilhali chuma kingali kikivuta, hedi iliyokuwa nzima hupinda papo hapo mikononi mwa aliyekuja kuitengeneza. Gari lililofika kwa kuvutwa mchana lisiguswe boliti zake mpaka limepoa kabisa, na iliyo bora ni kuliacha lilale. Kisha boliti hulegezwa kidogo kidogo kwa zamu kadhaa, kuanzia ncha za nje kuelekea katikati, kinyume cha namna zinavyokazwa. Haya hayahitaji chombo chochote cha thamani. Yanahitaji usiku mmoja.

La pili ni kuusafisha uso wa bloku. Mabaki ya gasketi ya zamani hushika kama yamechomelewa, na kuyatoa kwa kipande cha plastiki ngumu au kwa wembe ulioshikwa kwa uangalifu, pamoja na dawa ya kulainisha, ni kazi ya saa nyingi inayochosha mgongo. Grenda yenye duara la msasa huyatoa kwa dakika kumi. Ndiyo maana grenda hupendwa. Na ndiyo maana injini nyingi zilizobadilishwa hedi hufa baadaye kwa ugonjwa mwingine ambao hakuna aliyeuhusisha na hedi. Duara lile hutoa vumbi laini la chembe zilezile ngumu zinazotumiwa kukatia chuma. Vumbi huingia katika njia za oili, oili hulipeleka kwenye beringi za krenkshafti, na beringi zikaliwa hata injini ikaanza kugonga. Fauka ya hayo grenda huchimba uso na kuufanya mabonde yasiyoonekana kwa jicho, ambayo gasketi haiwezi kuyaziba. Mtu afanyaye kazi uani pake ana faida moja kubwa hapa, nayo ni kwamba hakuna anayemhimiza. Aweza kukaa jioni nzima akikwangua, kila njia ya oili na ya maji ikiwa imezibwa kwa kitambaa safi, na kesho akaendelea. Lakini ajihadhari na upepo wa uani, na kuku, na mchanga. Injini iliyo wazi ifunikwe kila mara asipokuwapo.

Katika kusafisha huko, matundu ya boliti yasisahauliwe. Yakibaki na maji au oili chini, boliti ikikazwa haina pa kuyasukuma, wala maji hayabanwi. Ama boliti huonekana kuwa imekaza na kumbe haijaifikia hedi, ama bloku yenyewe hupasuka, na hapo hesabu ya hedi inageuka kuwa hesabu ya injini nzima. Kukausha matundu hayo kwa hewa ni kazi ya robo saa.

La tatu ni kupima. Upimaji wa uso wa hedi hufanywa kwa rula ya chuma iliyonyooka kwa hakika na fila geji, ukiilaza rula kwa urefu, kwa upana na kwa pembe zote mbili za mshazari. Na watengenezaji wengi hawakubali pengo la kupita sehemu chache za mia za milimita. Uso wa bloku nao hupimwa vivyo hivyo, jambo linalosahauliwa mno, kwa kuwa watu hudhani bloku ya chuma haiwezi kupinda. Kisha katika dizeli kuna kipimo cha tatu kisichokuwapo katika Land Rover ya petroli: vichwa vya pistoni hutokeza juu ya uso wa bloku kwa sehemu ya milimita, na gasketi huuzwa za unene mbalimbali, zenye alama zake ukingoni, ili ichaguliwe inayolingana na kutokeza huko. Ikiwa nyembamba kuliko inavyostahili, pistoni hukaribia mno hedi na valvu; ikiwa nene mno, mgandamizo hupungua, na injini inakuwa nzito kuwaka asubuhi na kutoa moshi. Mwuzaji wa spea dukani hawezi kujua unene unaotakikana, naye akiulizwa hutoa iliyopo. Kipimo hiki hufanywa kwa geji yenye uso wa saa, pistoni moja baada ya moja, na mwenye kukijua hakosi saa moja ya kukifanya.

Sasa hedi iko kwenye mashine. Karakana ya mashine yenye heshima huanza kwa kuichemsha hedi katika dawa ili masizi na uchafu wa maji utoke, kisha huziba matundu yake ya maji, huijaza hewa kwa nguvu na kuizamisha katika maji ya moto, na mahali penye ufa hujitangaza kwa mapovu. Nasema maji ya moto kwa kusudi, kwa sababu nyufa nyingi hujifumba chuma kikiwa baridi na kufumbuka kikipata joto, hata hedi ikapita mtihani wa maji ya bomba na kushindwa njiani. Baada ya hapo ndipo valvu na viti vyake husagwa, na uso kusawazishwa, kama unaruhusiwa kusawazishwa. Maana watengenezaji kadhaa wa injini za dizeli hukataza kabisa kuukata uso wa hedi, kwa hofu kwamba valvu zitasogea karibu na pistoni. Ufa wa hedi ya alumini waweza kulehemiwa, lakini hedi nzima sharti ipashwe joto polepole kwanza na kupozwa polepole baadaye, kisha isawazishwe upya, na anayekuahidi kuulehemu na kukurudishia hedi siku hiyohiyo amekwambia mwenyewe kwamba hatafanya hivyo.

Kwa sababu hizi mimi huona kwamba kwa injini kama 1KZ-TE, hedi iliyopasuka baina ya valvu yafaa ibadilishwe, isilehemiwe. Iko njia ya kununua hedi iliyotumika, na nyingi huja kwa makontena kutoka Sharjah. Lakini hedi iliyotumika imetoka katika injini isiyojulikana historia yake, na yamkini ilitolewa kwa sababu ileile inayoitoa ya kwako, basi isinunuliwe kabla ya kupita mtihani wa hewa na maji ya moto, na siku za mtihani huo zihesabiwe. Iko pia hedi mpya, ambayo huuzwa ama tupu ama ikiwa imekamilika na valvu na kemshafti. Ile tupu ni nafuu kwa bei na ni ghali kwa muda, kwa sababu valvu zako za zamani sharti zisagwe zipate kukaa, na nafasi za valvu zipimwe, kisha visahani vidogo vya kuzirekebishia, vya unene tofauti, vichaguliwe kimoja kimoja, na kisahani cha unene fulani kikikosekana mjini, kazi husimama. Iliyokamilika hugharimu zaidi na kuokoa siku kadhaa. Na mwenye chombo cha riziki ambaye kila siku ya kulala kwa gari ina hasara inayohesabika, akizipiga hesabu zote mbili pamoja, aghalabu ataona kwamba ile ya ghali ndiyo rahisi.

Kufunga kwenyewe ni kwa haraka kuliko kufungua, ila kwenye boliti. Injini nyingi za sasa hukazwa kwa hatua: kwanza kwa spana ya toki hadi kipimo kilichotajwa, kuanzia katikati kwenda nje kwa mzunguko, kisha kwa kuzizungusha boliti zote kwa pembe maalumu, robo ya duara, na robo nyingine tena. Boliti za namna hiyo huvutwa hata zikarefuka kidogo, na urefu wao hupimwa kabla ya kurudishwa. Zilizopita mpaka hutupwa. Fundi anayekaza kwa nguvu za bega, hata akiwa na uzoefu mkubwa, hawezi kuzifanya boliti zote zivute sawasawa. Spana ya toki huazimwa, au hukodishwa kwa siku moja, na hakuna udhuru wa kuikosa. Na kwa kuwa mkanda wa taimingi umekwisha kuondolewa, na ule wa 1KZ-TE una umri wa kilomita 100,000, basi mpya uwekwe sasa, pamoja na kapi lake la kukazia na pampu ya maji kama imeanza kuvuja. Muda wa ziada ni mdogo, na muda wa kurudi kuyafanya hayo peke yake baadaye ni mkubwa.

Limebaki jambo ambalo halimo katika hisabu ya mtu yeyote, nalo ni kuitafuta sababu. Hedi haipasuki yenyewe. Rejeta imeziba, au feni haishiki, au mpira umetoboka, au kifuniko cha rejeta kimechoka. Hiki kifuniko kidogo kinadharauliwa mno: kikibana kwa kiasi cha 0.9 bar huyafanya maji yasichemke hadi karibu digrii 119 pwani. Kikichoka, maji huchemka kwa digrii 100, na Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 94 hivi. Tena iko ada iliyoenea kwetu ya kuing'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Katika injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka huifunga njia ya mkato ambayo maji huzungukia ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia ile hubaki wazi daima, na gari likipanda Kitonga na mzigo, sehemu ya maji ya moto huzunguka palepale bila kupoa. Aliyeing'oa alikusudia kuipoza injini, na katika mteremko na tambarare atadhani amefaulu. Kuisafisha rejeta, kuitia themostati mpya na kifuniko kipya, na kutumia kulanti badala ya maji ya bomba yanayoacha chumvi na kula alumini, huongeza siku moja katika kazi, uani au gereji, na siku hiyo ndiyo inayoizuia hedi ya pili isiifuate ya kwanza.

Kwa hiyo mapatano na fundi, popote anapofanyia kazi, yafanywe kabla ya spana ya kwanza, na yataje waziwazi usiku wa kupoa, siku za mashine, kipimo cha bloku na cha pistoni, boliti na spana ya toki, na rejeta. Sehemu ya ujira, tuseme theluthi, ibaki mkononi mwa mwenye gari kwa ridhaa ya pande zote mbili. Injini ikiisha kuwashwa, iachwe ingurume polepole hita ya ndani ikiwa imefunguliwa, mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto, hewa itoke na maji yaongezwe. Kisha iendeshwe safari fupi, ipoe, ilale. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, kifuniko cha rejeta kifunguliwe na maji yatazamwe, oili ipimwe kwa kijiti chake kuona kama ina weupe, na oili ile ya kwanza imwagwe mapema pamoja na chujio lake kwa ajili ya uchafu uliopenya. Maji yakiwa yamepungua kidogo siku hiyo ya kwanza, ni hewa iliyokuwa imebaki imetoka. Yakipungua tena siku ya pili na ya tatu, kazi haijakwisha, na theluthi ile bado haijaiva.